Sifuri ya Don Fidencio

Unaangalia pembeni. Usibishe. Kila mwezi wa tatu foleni inapangwa mbele ya kibanda cha fotokopi sokoni Purépero, huku Mexico, wanawake wamekumbatia bahasha za kaki, watoto wao wanagombana kwa Kiingereza cha Fresno na Chicago katikati ya mafungu ya pilipili, na wewe unapita na kikapu chako ukijifanya unachagua nyanya. Unajua wamekuja kufanya nini. Umewaona wakitoka pale wamefurahi na mikono mitupu, na hujawahi kuuliza furaha hiyo ni ya nini. Basi leo utakaa usikilize habari za Nohemí Arreguín na binti yake Dalila, na ukimaliza usije ukasema hukuambiwa.

Nohemí alizaliwa Fresno. Ni raia wa Marekani tangu siku alipolia mara ya kwanza. Mumewe Ubaldo si raia. Miaka tisa iliyopita askari wa uhamiaji walimkamata akitoka shamba la zabibu, wakamtupa upande huu wa mpaka na kumwambia wasimwone tena kwa miaka kumi. Nohemí akauza gari, akafunga mizigo, akawabeba watoto wawili akamfuata. Wa tatu, Dalila, alizaliwa hapa hapa Purépero. Mama yake alimpeleka ubalozini akiwa na wiki sita, akaandikishwa, akapewa namba yake ya hifadhi ya jamii kama kaka zake. Watoto watatu, namba tatu.

Kazi ya Nohemí ni kukaa jikoni amevaa vipokea sauti, kuwajibu wateja wa kampuni ya mashine za kufulia. Anatukanwa na watu wa Ohio kwa lugha yao wenyewe, anawaambia asante kwa kupiga, anageuza tortilla za mahindi kikaangoni, anapokea simu nyingine. Mshahara wake mtu wa Ohio angeukataa, lakini ni mshahara. Na sheria ya Marekani haimwachi raia wake hata akihamia mwezini: ukipata kipato, unapeleka ritani ya kodi kila mwaka.

Sheria hiyo hiyo ina nafuu ya kodi ya watoto. Mtu aliyefanya kazi, mwenye watoto wenye namba, hata kama hadaiwi kodi, anaweza kurudishiwa sehemu ya nafuu hiyo taslimu. Si sadaka, imo kwenye sheria. Nohemí hakuijua. Alichokijua ni woga. Mama yake hakuwa na makaratasi ya kuishi kule, na nyumba yao ya Fresno ilikuwa ya mapazia yaliyofungwa mchana kutwa. Mlango ukigongwa, watoto saba waliacha kupumua. Mtu aliyenyonyeshwa kujificha haachi kujificha kwa sababu amepewa pasipoti.

Kwa hiyo mwaka wa kwanza alikwenda kwa don Fidencio Baltierra, mwenye kibanda cha fotokopi. Naye ni mrudishwa. Alikuwa anajaza fomu za kodi kwenye duka moja Chicago kabla hawajamfukuza. Juu ya mlango wake ameandika kwa rangi nyekundu neno moja: SIFURI.

"Tukusaidie nini, binti?"

"Nataka wasinione, don Fidencio."

"Basi umefika. Sifuri ndiyo ugonjwa wangu. Mke wangu anasema mpaka mfukoni ninayo."

Akacheka, akachukua fomu ya 2555, ile ambayo kwayo mtu anayeishi nje anaomba kipato chake kitengwe kisiguswe na kodi. Akaandika, akapiga muhuri, akaonyesha kidole chini ya ukurasa. Hadaiwi kitu, haulizwi kitu. Nohemí akalipa peso mia tisa na kwenda zake akiwa mwepesi. Kila mwaka alirudi na bahasha yake, na tamale za moto za unga wa mahindi kwa ajili ya mzee.

Januari ya mwaka huu Dalila alishikwa na homa ya uti wa mgongo. Alikuwa na miaka minne. Siku kumi na moja hospitali, na wote wakasema ni muujiza, maana alifumbua macho akaomba uji wa atole. Walimrudisha nyumbani, wakamkalisha mbele ya televisheni, sauti juu mpaka jirani akagonga ukuta.

"Mama," Dalila akauliza, "mbona wamenyamaza?"

Daktari wa jijini Morelia hakuzunguka. Ugonjwa ule ukiharibu masikio, mfupa unaanza kuota ndani ya sikio kama chokaa ndani ya birika. Kuna kifaa cha kupandikiza kinachoweza kumrudishia usikivu, lakini waya wake unahitaji njia. Njia ikijaa mfupa, basi.

"Tuna muda gani?" Nohemí akauliza.

"Mpaka mwisho wa Mei. Na hapo nimekuwa mkarimu."

Kifaa kingetolewa na shirika la hisani. Chumba cha upasuaji na madaktari ni juu ya familia: peso laki moja na arobaini elfu. Ubaldo aliuza pikipiki na jenereta, Nohemí akauza pete na kitanda cha wageni. Ikafika hamsini. Ikabaki tisini elfu, na wiki kumi.

Ni katika chumba cha kusubiri pale Morelia ndipo alipokutana na Briseida, mwanamke wa Zacatecas mwenye kutafuna mbegu za maboga, akiwa na kijana wake mwenye kifaa nyuma ya sikio.

"Huyu amelipiwa na pesa ya watoto," Briseida akasema akimpapasa mwanawe kichwani.

"Pesa gani ya watoto?"

"Usinichekeshe, shoga. Wewe si mzaliwa wa kule? Kiingereza chako nimekisikia ukimkemea yule karani. Una watoto wangapi?"

"Watatu."

"Wana namba?"

"Wote."

"Na hujarudishiwa hata senti?" Akaacha kutafuna. "Nani anakujazia?"

"Don Fidencio, mzee wa kwetu. Ananitolea sifuri."

"Kwa fomu ya 2555?"

Nohemí akatikisa kichwa kukubali. Briseida akatema ganda kwenye kiganja.

"Maskini wewe. Unamlipa mtu akufungie mlango kwa nje. Ukitenga kipato chako kwa fomu ile, ile pesa ya kurudishiwa kwa watoto huipati, hata ungekuwa nao kumi. Na kwa mshahara wako huo, bibi wee, sifuri ungeipata bure!"

Bure. Nohemí alilirudia neno hilo ndani ya basi mpaka nyumbani. Kipato chake kilikuwa kidogo hata kodi isingemfikia. Miaka yote alinunua kitu ambacho tayari alikuwa nacho, na malipo ya kweli hayakuwa zile mia tisa.

Briseida alikuwa amemwambia na jambo la pili. Inawezekana kurudi nyuma miaka mitatu. Unarekebisha ritani, unaandika kwamba unaiondoa ile fomu, unadai. Ila mwaka wa zamani kuliko yote mlango wake unafungwa tarehe kumi na tano Aprili, na idara ya kodi inahesabu kwa muhuri wa siku bahasha ilipokabidhiwa posta.

Kesho yake Nohemí alikuwa kibandani. Hakuleta tamale.

"Ulijua?"

Don Fidencio akavua miwani. Hakujifanya haelewi, na kwa hilo nampa sifa.

"Nilijua wanaoitumia fomu ile hawarudishiwi."

"Na ukanyamaza!"

"Nani aliwahi kuniomba kurudishiwa? Miaka saba, minane yote hii, kila anayeinamisha kichwa mlangoni hapo ananiambia wasinione, don Fidencio. Hakuna aliyeniambia nataka changu. Wewe uliniambia nini?"

"Ungenieleza, mzee."

"Ningekueleza kwamba Marekani inataka kukutumia pesa, ungefikiri nimetumwa na uhamiaji. Ungekimbia ukaacha na viatu."

Nohemí alijua ingekuwa hivyo.

Hapa usiharakishe kumlaani mzee ukajiona umemaliza. Kumbukumbu ni ndefu kuliko Fidencio. Miaka ya thelathini watu wetu walipakiwa kwenye treni kurudishwa kusini pamoja na watoto waliozaliwa kule, raia halali, na hakuna aliyewauliza namba. Kisha vita vikaja, mikono ikahitajika, wakaitwa tena. Baba wa bibi yake Nohemí, Refugio, aling'oa viazisukari kaskazini kwa mkataba wa serikali mbili, akikatwa asilimia kumi ya kila mshahara. Aliambiwa akiba yake inamsubiri benki nyumbani. Alikwenda benki na kofia mkononi miaka mingapi? Alikufa inamsubiri. Mtu wa ukoo huo anajifunza nini? Kwamba kudai ni kujichosha na kuonekana ni hatari. Sifuri haikubuniwa na Fidencio. Yeye aliikuta ndani yetu akaiwekea bei.

Mzee alifunga kibanda siku mbili akajaza upya miaka mitatu bila kuchukua peso. Jumla ilikuwa dola elfu tano hivi, ambazo kwa peso zinagusa tisini elfu. Nohemí akasaini. Lakini idara ingechukua miezi minne au mitano kulipa, na mfupa haungojei.

Ndipo akaenda kwa doña Cástula, mama wa upatu. Upatu wake una wanawake tisa, kila baada ya miezi miwili kila mmoja anatoa elfu kumi, na mmoja anaondoka na tisini. Mzunguko uliofuata ulikuwa Jumapili baada ya tarehe kumi na tano, na zamu ilikuwa ya Yadira, mpwa wa Cástula, aliyetaka kuezeka bati.

"Yadira anaweza kusubiri, mvua haijaanza," doña Cástula alisema akimenya maharage. "Lakini wewe si mwanachama, mwanangu, na wenzangu wana midomo. Niletee risiti ya posta. Miaka yote mitatu, tarehe kumi na tano au kabla. Wakiona pesa iko njiani wananyamaza."

"Nitaileta."

"Yote mitatu, eh? Miwili haitoshi kulipa."

"Nimesikia, doña."

Alhamisi, siku tano kabla ya mwisho, Ubaldo alikuwa anaondoka na lori la parachichi kwenda Guadalajara na kuendelea mbele. Angepita Zamora, palipo na ofisi ya vifurushi vya nje. Nohemí alikuwa na simu za Ohio mpaka saa kumi, na Dalila miguuni. Bahasha ilikuwa mezani, nene, na Ubaldo aliitazama kama mtu anayetazama mbwa asiyemjua.

"Jina langu limo?"

"Limo, mimi ni mke wako. Lilikuwemo na kwenye zile za zamani."

"Zile zilisema sifuri. Hizi zinasema tupe."

"Ubaldo."

"Mwaka mmoja, Nohemí! Mwaka mmoja umebaki niombe kurudi. Mwanasheria aliniambia nisiiombe serikali ile hata maji ya kunywa, wala mtu wa nyumba yangu. Wakifungua faili watauliza huyu mume ni nani."

"Siombi maji. Ni haki ya Dalila kwa sheria yao wenyewe. Au unataka niende kwa miguu?"

Dalila alikuwa amekaa sakafuni, akimwangalia mmoja, akimwangalia mwingine. Midomo inakwenda, hakuna kinachotoka.

"Mnatafuna nini?" akauliza kwa sauti kubwa. "Na mimi nipeni."

Ubaldo aligeuka ukutani. Kisha akaichukua bahasha.

"Nipe. Nitaipeleka."

Ijumaa alipiga simu akasema imekwenda. Jumatatu tena, imekwenda, risiti iko garini. Nohemí alimwamini. Nani asingemwamini mumewe kwa jambo la mtoto wao?

Jumatano mchana, tarehe kumi na sita, lori likaingia uani. Nohemí alitoka na mkono umenyooka.

"Risiti."

Ubaldo hakushuka. Aliinama chini ya kiti akatoa bahasha, ile ile, na alama ya mafuta ya chakula kwenye kona.

"Nilifika mlangoni mara mbili," alisema. "Mara mbili, naapa. Ya pili nikaingia mpaka dirishani. Karani akaniambia andika jina la mpelekaji na anwani. Akanipa kalamu." Akaangalia mkono wake. "Mkono ukakataa."

"Ungeandika langu."

"Sikufikiri. Nilisikia tu sauti ya yule askari wa Bakersfield, siku waliponikamata. Andika jina lako, kasema vile vile. Andika jina lako hapa."

Nohemí aliitwaa bahasha, akavaa viatu, akapanda basi la Zamora na Dalila mgongoni. Karani alipompa kalamu aliandika jina lake kwa herufi kubwa. Muhuri ukapigwa: kumi na sita Aprili. Miaka miwili ilikuwa hai. Wa tatu ulikuwa umekufa tangu jana yake.

Jumapili wanawake wa upatu walikaa ukumbini kwa doña Cástula, sahani ya mkate katikati. Risiti ikazunguka mikononi.

"Miwili inafika sitini elfu," akasema mmoja. "Thelathini nani atalipa?"

"Nitafanya kazi zamu mbili," Nohemí akasema.

"Kwani sasa huna zamu mbili?"

"Na mumeo alikuwa wapi, akihesabu parachichi?" mwingine akadakia, na mmoja akacheka, kisha akaona aibu akashika mkate.

Yadira alikaa akisokota ncha ya kitambaa chake. "Mimi naweza kusubiri, shangazi," alisema kwa sauti ya chini. Lakini utaratibu ni utaratibu, na doña Cástula akaita mikono. Wanne walinyoosha kumpa Nohemí. Watano hawakunyoosha. Hawakuwa watu wabaya. Kila mmoja alikuwa na paa lake, na ada zake, na mume wake kaskazini asiyepiga simu. Walimfungia mkate kwenye kitambaa aende nao.

Baada ya hapo ilikuwa kukimbizana. Briseida alituma elfu nne ambazo hakuwa nazo. Don Fidencio aliuza mashine ndogo ya fotokopi akaleta elfu sita, akaziweka mezani asikae. Mkopeshaji wa Zamora alitaka hati ya nyumba, na nyumba ni ya kupanga. Zamu ya upatu ya Juni, Yadira aliwabana shangazi yake na wenzake mpaka wakatoa elfu themanini zilizokuwa zimebaki. Tarehe ishirini na moja Juni laki moja na arobaini zilikuwa zimetimia, mpaka peso ya mwisho, ndani ya kopo la maziwa.

Daktari aliweka picha mpya za masikio kwenye taa.

"La kulia limejaa," alisema. "La kushoto..." Akazungusha kidole kwenye doa jeupe. "Mwezi Aprili ningepita hapa. Leo sina pa kupita."

"Jaribu."

"Mama, nitamkata mtoto bure."

"Jaribu! Pesa hizi hapa."

Daktari alilisukuma kopo taratibu kurudi upande wa Nohemí.

Agosti zikaja hundi mbili kutoka kaskazini, ndani ya bahasha nyembamba zenye dirisha. Kiasi kilikuwa sahihi, kila senti. Hakukuwa na barua ya maswali wala mtu wa kuja kugonga. Jina la Ubaldo halikutajwa popote. Ubaldo alizisoma mbele na nyuma, akatafuta mtego, akaukosa. Tangu siku hiyo analala kwenye lori, na Nohemí hamfukuzi wala hamwiti.

Mara mbili kwa wiki mama na mtoto wanakwenda Morelia kujifunza lugha ya ishara. Dalila anashika haraka. Mikono ya Nohemí bado inagugumia. Jana mtoto alimwonyesha ishara nne mfululizo, na mama hakuielewa hata moja, akamwomba arudie, na mtoto akachoka akaenda kucheza.

Sasa wewe. Usiseme imekuuma, maumivu yako hayamsaidii mtu. Unaye ndugu, jirani, mfanyakazi mwenzako aliyezaliwa kule na anayeishi huku na watoto wenye namba, na anajivunia kwamba hadaiwi wala hadai. Bahasha yake iko chini ya godoro au juu ya kabati. Nenda kwake leo hii, kabla hujala. Mwambie aitoe. Tafuteni ukurasa wenye namba 2555, na mmuulize aliyemjazia kwa nini aliuweka. Hesabuni miaka mitatu kurudi nyuma, kwa vidole kama hapana budi, mjue ni mwaka upi unakufa kwanza. Kisha mshike mkono mpaka dirishani, na akipewa kalamu akashindwa kuandika, inyakue wewe uandike jina lako kwenye nafasi ya mpelekaji. Usimwachie mtu aliyefundishwa kujificha akaende peke yake. Inuka. Mbona bado umekaa?